Darasa la historia la Jumamosi Biashara Street: mada ya madikteta Waprotestanti, nimelipa nimeketi na haya ndo maoni yangu

Kwa wale mnaoniuliza kama lile darasa la historia la Jumamosi jioni, lile la ghorofani juu ya maduka ya leso Biashara Street, linafaa kulipiwa ama ni porojo tu za kupoteza jioni, jibu langu ni linafaa, na hii mada ya madikteta Waprotestanti ndo bora ya zote nilizowahi kuketi pale. Kuna mambo waandalizi lazima wayarekebishe na nitayasema yote manake pesa nimetoa mimi, lakini nianze na kilicho kizuri.

Mada ilitangazwa kwenye grupu la WhatsApp kwa sentensi moja, kwamba je, Uprotestanti umewahi kutoa dikteta, na dikteta hasa ni nani. Mi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, na kanisani kwetu ukitaja udikteta watu watakutajia Hitler alobatizwa Mkatoliki, Mussolini, Franco wa Uhispania, Salazar wa Ureno, Stalin alosoma seminari ya Orthodox, kisha Amin hapa jirani ambaye alikuwa Muislamu, na hesabu inaishia hapo kana kwamba sisi wengine hayo mambo hayatuhusu. Kuna hata hoja watu huitoa kwa nia safi kabisa, kwamba Mprotestanti anajisomea Biblia mwenyewe, anachagua wazee wake wa kanisa, hana Papa wa kumuamuru, kwa hivo hawezi kuvumilia dikteta wala yeye mwenyewe kuwa dikteta. Mwalimu alianza na hoja hiyo hiyo, akaieleza vizuri kwa heshima zote, wala hakuibeza, halafu akatumia jioni nzima kuipima pamoja na watu. Hapo ndo nikajua pesa yangu haijaenda bure.

Bei ni mia saba kwa kikao, unalipa kwa M-Pesa mapema, na ndani yake mna noti za fotokopi, chai ya tangawizi na kaimati. Kwa mji huu ambapo filamu moja Nyali yaweza kukutoa pesa zaidi ya hiyo, bei ni ya haki. Mwalimu ni mzee mstaafu alofundisha sekondari miaka mingi, hasomi kwenye karatasi, hana haraka, na mtu akimkatiza anamsikiliza mpaka amalize. Walokuja ni mchanganyiko wa kweli wa Mombasa, kuna wazee wa Mji wa Kale na kofia zao za vito, kuna akina mama wa kanisa walotoka Tudor na Mikindani, kuna wanafunzi wa chuo, kuna mafundi wa hapo hapo Biashara walofunga maduka wakapanda juu, na nadhani mchanganyiko huo ndo nusu ya utamu manake kila mtu anakuja na mtawala wake kichwani.

Sasa kilichonishika zaidi ni kwamba hakuanza na majina, alianza na kipimo. Akaturudisha Roma ya zamani ambako dikteta kilikuwa cheo halali kabisa, mji ukiwa hatarini mtu mmoja anapewa amri yote kwa muda usiozidi miezi 6, kazi ikiisha anashuka anarudi kwake. Mwaka 82 KK jenerali Sulla akapewa cheo hicho bila siku ya mwisho, na mwaka 44 KK Julius Caesar akafanywa dikteta wa maisha, haikupita muda tarehe 15 Machi wakamuua. Kwa hivo toka zamani zile shida si kwamba mtu amepewa nguvu nyingi, shida ni nguvu isokuwa na siku ya kurudishwa. Akatuwekea maswali yake, mtu huyu aliingiaje, anatokaje, na hapo katikati ni nani anaweza kumwambia hapana kisha akalala nyumbani kwake salama, yaani jaji, mbunge, mwandishi wa gazeti, askofu, yeyote. Ukatili hakuuweka kuwa kipimo, akasema kuna wafalme na hata mabunge ya kuchaguliwa yalofanya unyama mkubwa bila dikteta kuwepo. Hilo lilileta kelele kidogo lakini mi namuunga mkono, manake ukipima kwa ukatili peke yake utaishia kumwita dikteta kila usiyempenda na utamsamehe kila anayeua polepole.

Mzee mmoja wa Mji wa Kale akainua mkono, "Mwalimu, na Sultani je?" Watu wakatulia, hapa kwetu Mwambao ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi 1963 kwa hivo si swali la mchezo. Mwalimu akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, mfalme ana mila inayomfunga na ukoo unaomdai, kwa hivo simuiti dikteta kwa sababu tu hakupigiwa kura." Halafu akasema lakini kuna wafalme walovuka mpaka, na mfano wake ukawa ndani ya mada yenyewe, Denmark, nchi ya Walutheri, ambako sheria ya kifalme ya 1665 ilimpa mfalme mamlaka yote na kumfunga kwa mambo machache tu, ashike imani ya Kilutheri, asiigawe nchi, asiibadilishe sheria hiyo. Jambo hilo sikuwahi kulisikia popote na nimelifikiria sana tangu siku ile, kwamba kumbe imani inaweza kuandikwa kwenye sheria kuwa ndo kikomo cha mfalme na bado wananchi wasiwe na kikomo chochote cha kumwekea.

Calvin, yule mwanzilishi wa Uprotestanti wa Kikalvini, alipita haraka na sawa tu, manake kesi yake ni nyepesi. Watu humwita dikteta wa Geneva kwa sababu ya Servetus, msomi wa dini alochomwa moto tarehe 27 Oktoba 1553, na ile damu haifutiki, lakini baraza la mji ndo lilokuwa likitawala, lilishamfukuza Calvin 1538, akarudi 1541, na uraia wa Geneva hakuupata mpaka 1559. Mtu anayeweza kufukuzwa na baraza si dikteta.

Kwa Cromwell, jenerali Mpuritani alotawala Uingereza, ndo mi na Mwalimu hatukubaliani na nilimwambia palepale. Yeye anasema Cromwell ni wa katikati, kwa sababu alikuwa na katiba iloandikwa ya Desemba 1653, alikuwa na baraza la kumshauri, aliita mabunge, aliruhusu Wayahudi kuishi tena Uingereza mwaka 1656, na alipopewa taji la ufalme mwaka 1657 alilikataa. Yote kweli. Lakini ile katiba waliiandika maofisa wa jeshi lake, na Aprili 1653 aliingia bungeni na askari akawatoa wabunge nje, na mwaka 1655 nchi akaigawa mafungu mafungu kila fungu chini ya meja jenerali wake, wakifunga vilabu vya pombe na kuzuia mbio za farasi, watu wakiamrishwa utakatifu na wanajeshi. Mabunge aloyaita aliyavunja. Na wa Ireland hawana haja ya kuulizwa, mauaji ya jeshi lake katika miji ya Drogheda na Wexford mwaka 1649 bado yanasemwa kule mpaka leo. Ukiuliza lile swali la anatokaje, jibu ni alitolewa na mauti tarehe 3 Septemba 1658, akamwachia mwanawe Richard ambaye hakumaliza hata mwaka. Kwa kipimo cha Mwalimu mwenyewe huyo ni dikteta, aloamini kwa dhati kwamba Mungu yuko upande wake, na kwangu mimi imani hiyo ndo ilimfanya asisikie wa kumwambia hapana. Mwalimu hakukasirika, aliandika hoja yangu ubaoni akaiacha pale.

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa kikao kikasimama, walotaka kuswali wakashuka msikitini, wengine tukanywa chai, na hili nalisifu kwa sababu halikufanywa kama usumbufu, limepangwa kwenye ratiba. Kaimati zilikuwa za moto. Chai ilikuwa na tangawizi ya kutosha ila sukari walizidisha mno.

Tuliporudi ndo akaingia Asia, na hapa niseme wazi hii nusu saa peke yake inalipa zile mia saba zote. Syngman Rhee, rais wa kwanza wa Korea Kusini, Mmethodisti, mtu alofungua kikao cha kwanza cha bunge la nchi yake tarehe 31 Mei 1948 kwa kumuomba mbunge ambaye ni mchungaji asali. Mwanzo mzuri hivo. Sasa katiba ilisema rais mwisho wake mihula miwili, na Rhee akataka kizuizi hicho kiondolewe kwa rais wa kwanza, yaani yeye. Bunge lilikuwa na wabunge 203. Mwalimu akamwita kijana mmoja wa chuo aje ubaoni apige hesabu, theluthi mbili ya 203 ni ngapi, kijana akaandika 135.33. Haya, mtu hagawanyiki, kwa hivo zahitajika kura ngapi? Ukumbi mzima ukajibu 136. Tarehe 27 Novemba 1954 kura zikahesabiwa zikatoka 135, aliyeongoza kikao akatangaza hoja imeanguka. Siku mbili baadaye wakarudi wakasema ile 0.33 iko chini ya nusu, kwa hivo kihesabu inaondolewa, inabaki 135, kwa hivo hoja imepita. Na ikapita kweli, Rhee akaendelea. Mama mmoja nyuma yangu akasema "Ya Rabi" na akina mama wa kanisa wakaitikia naye. Ilivyofundishwa, kila mtu chumbani aliuona udikteta ukiingia kwa chaki, hakuna bunduki, hakuna kifaru, ni sehemu ya mtu mmoja ilofutwa. Alishafanya ya nguvu pia, mwaka 1952 akiwa Busan alitangaza sheria ya kijeshi na basi lilobeba wabunge likavutwa na jeshi likiwa nao ndani, lakini ni ile hesabu ndo itakayobaki na watu. Mwisho wake, uchaguzi wa tarehe 15 Machi 1960, hasa ule wa makamu wa rais, ukaibwa waziwazi, mwili wa mwanafunzi mmoja ukapatikana baharini Masan na kopo la gesi ya machozi limeingia jichoni, tarehe 19 Aprili wanafunzi wakamiminika Seoul polisi wakawapiga risasi, maprofesa nao wakaandamana, na tarehe 26 Aprili mzee akajiuzulu akaenda Hawaii alikofia 1965. Baadhi ya walompinga walikuwa Wakristo kama yeye.

Chiang Kai-shek, mtawala wa China alokimbilia Taiwan, akafuata, naye Mmethodisti, alobatizwa Shanghai mwaka 1930 baada ya kuoa kwenye familia ya Soong, familia tajiri ya Kikristo. Taiwan aliiweka chini ya sheria ya kijeshi toka Mei 1949 na haikuondolewa mpaka Julai 1987, yeye mwenyewe ameshakufa toka 1975 akiwa bado rais. Kilichonigusa hapa ni Wapresbiteri wa Taiwan, kanisa la Kiprotestanti chini ya utawala uloanzishwa na Mprotestanti, walotoa tamko la haki za binadamu mwaka 1977, na katibu mkuu wao mchungaji Kao Chun-ming akafungwa 1980, wakati wa mwanawe Chiang aitwaye Chiang Ching-kuo, kwa kumsaidia mpinzani aliyekuwa akitafutwa na serikali. Mwalimu aliligusia tu akapita na mi naona alilipunja. Kama swali ni Uprotestanti na udikteta basi yule alofungwa ni Mprotestanti sawasawa na yule alouanzisha utawala ulomfunga, na ilifaa apewe muda sawa na wake.

Kisha Kamuzu Banda, na hapa chumba kikawa kama nyumbani, manake Malawi si mbali na watu wa bandari wengi wamewahi kufanya kazi na Wamalawi. Daktari, mzee wa kanisa la Scotland, kofia na suti ya vipande vitatu na usinga mkononi, rais wa maisha kuanzia Julai 1971. Sheria ya mavazi ya 1973 ilikataza wanawake suruali na sketi fupi na wanaume nywele ndefu, na ukiitazama juujuu waweza kudhani ni mzee tu mwenye maadili. Lakini Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku toka 1967, na walipokataa kununua kadi ya chama wakapigwa wakachomewa nyumba maelfu wakakimbia nchi. Mwaka 1983 wanasiasa wanne wakasemekana wamekufa ajali ya gari Mwanza, ile Mwanza ya Malawi, na tume ya uchunguzi ya 1995 ikasema waliuawa na polisi. Banda alishtakiwa kwa kesi hiyo akaachiliwa. Kilichomwangusha kilianzia kanisani, barua ya maaskofu Wakatoliki ilosomwa kwenye parokia Machi 1992, maaskofu wakaitwa polisi, kisha makanisa ya Kipresbiteri nayo yakaingia kudai mabadiliko, kura ya maoni tarehe 14 Juni 1993 watu wakachagua vyama vingi, na 1994 akashindwa uchaguzi akakubali. Dada mmoja akauliza, "Mwalimu, alitoka kwa kura, bado ni dikteta?" Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba kutoka vizuri ni sifa yake mwaka 1994, haiondoi miaka ya katikati. Nakubaliana naye mia kwa mia, na ni jibu litakalowafaa wengi hapa Kenya.

Efraín Ríos Montt wa Guatemala ndo mzito kuliko wote na ndo sababu hasa ya mi kuandika haya marefu. Wengine tulowataja walikuwa Waprotestanti na madikteta, dini Jumapili na utawala Jumatatu. Huyu alivichanganya. Jenerali, alishashika imani ya kilokole mwaka 1978 katika kanisa la El Verbo lilotokana na wamisheni wa California, akaingia kwa mapinduzi ya tarehe 23 Machi 1982, na kila Jumapili usiku anatokea kwenye televisheni anawahubiria Waguatemala kuhusu familia na uaminifu, kampeni yake ikiwaambia watumishi wa serikali wasiibe, wasidanganye, wasitumie cheo vibaya. Ukisikia hayo peke yake unasema amina. Wakati huohuo jeshi lake liko milimani kwa Wamaya wa Ixil, wenyeji wa asili wa huko, linachoma vijiji, kukawa na mahakama maalumu za siri ambazo mshtakiwa hamjui jaji wake, watu wakipigwa risasi kwa hukumu za mahakama hizo hata siku chache kabla Papa hajazuru nchi hiyo Machi 1983. Waziri wake wa ulinzi akampindua tarehe 8 Agosti 1983. Tarehe 10 Mei 2013 mahakama ya nchi yake mwenyewe ikamhukumu miaka 80 kwa mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu, hukumu ikitaja Waixil 1,771 walouawa, na siku 10 baadaye mahakama ya katiba ikaibatilisha, akafa Aprili 2018 kesi ikiwa haijaisha. Ndugu yake Mario alikuwa askofu Mkatoliki, aloshika ofisi ya haki za binadamu ya jimbo kuu baada ya askofu Gerardi kuuawa 1998. Familia moja hiyo.

Mwalimu alipomaliza hapo hakuuliza chochote, akatuacha kwanza, na mi nilikuwa nawaza wangapi kanisani kwetu wangempigia makofi huyu mtu kwa yale mahubiri ya Jumapili bila kuuliza huko milimani kunaendelea nini, manake hata kwetu mwanasiasa akishika maikrofoni kanisani akanukuu mstari mmoja vizuri tunampa kiti cha mbele. Nasema hivi kwa uchungu, nalipenda kanisa langu.

Ulaya ya vita ikapewa dakika chache sana na hilo ni kosa la ratiba. Horthy wa Hungary, Mkalvini alotawala nchi ya Wakatoliki wengi toka 1920 hadi 1944, ana bunge na upinzani lakini hatolewi, huyo angefaa mjadala mzima. Quisling wa Norway, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri alotawala chini ya Wanazi, alitajwa na kupitwa, wakati kisa chake kina kitu ambacho kila mshirika angepaswa kukijua, kwamba mwaka 1942 maaskofu wote wa kanisa la Norway walijiuzulu kazi za serikali Februari, na Pasaka ikifika wachungaji wengi mno wakafuata, wakaacha mshahara wakaendelea kuhudumia watu wao. Afrika Kusini ilijibiwa kwa sentensi mbili tu kijana alipouliza kuhusu Malan, mchungaji wa kanisa la Kiholanzi alokuwa waziri mkuu 1948 hadi 1954. Malan alichaguliwa na aliweza kutolewa kwa kura, lakini kura zenyewe karibu zote za Wazungu, kwa Mwafrika ile serikali haikuwa na mlango wowote wa kuiondoa. Kwa hivo kile kipimo lazima kiulizwe pia, hapana ya nani inahesabiwa. Mwalimu alikubali hilo na natumaini atalirudia.

Sasa Moi. Kila mtu alikuwa anangoja Moi, mshirika wa kanisa la African Inland (AIC), haonekani kukosa ibada Jumapili na taarifa ya habari inaanza naye akitoka kanisani. Mwalimu aliyapanga mambo kwa tarehe bila kupandisha sauti, 1982 katiba ikabadilishwa KANU ikawa chama pekee, 1986 mwanasheria mkuu na mkaguzi mkuu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, 1988 majaji nao, na mwaka huohuo kura ya mlolongo ambapo mwenye asilimia 70 ya foleni anapita bila kupingwa. Ukiweka maswali yake hapo jibu linajitokeza lenyewe, walobaki wa kusema hapana ni watu wa kanisa na mawakili wachache, maaskofu Okullu, Gitari na Muge na mchungaji Njoya, na Muge akafa kwenye ajali ya barabara tarehe 14 Agosti 1990 siku chache tu baada ya waziri kumtisha hadharani asikanyage Busia. Kule basement za Nyayo House Nairobi, walikoteswa wafungwa wa kisiasa, wengine hawakulala nyumbani kwao. Mzee mmoja akakumbusha kuwa hapa Mombasa 1992, vyama vingi vimesharudi, IPK, chama cha Kiislamu, ikanyimwa usajili na mji ukawaka, kwa hivo Desemba 1991 haikufungua milango yote. Mwengine akajibu kwamba Moi aliondoka 2002 kwa amani, mgombea wake akashindwa, akakabidhi, na hilo wengi Afrika hawakulifanya. Wote wawili wako sawa kwa maoni yangu. Mi nasema miaka ya 1982 hadi 1991 ilikuwa udikteta kwa kipimo chochote utakachokishika, na baada ya hapo ni utawala mbaya uliokuwa umeanza kufungwa kamba.

Na hapo ndo wakaharibu. Yule kijana anayeendesha kikao akakata mjadala wa Moi katikati, watu sita saba mikono juu, ati muda umekwisha, ilhali muda ulikuwa umekwisha zamani na tulikuwa tunaongezewa tu kwa mada nyengine. Kama mnajua kikao kinaisha saa mbili kasorobo usiku msianze Moi saa mbili. Tulitoka karibu saa tatu, akina mama wa ng'ambo ya Likoni wakakimbilia feri, tuk-tuk pale nje zikapandisha bei kama kawaida yake usiku. Hili si dogo, kuna walosema kabisa hawatarudi kwa sababu ya saa.

Lingine ni viti. Walipokea pesa za watu wengi kuliko viti walivyonavyo, nami nlilipa siku tatu mbele nikajibiwa nafasi ipo, kufika nikasimama ukutani mpaka magharibi. Mtu akishalipa ana haki ya kukaa. Feni ni mbili na inayofanya kazi moja, na joto la Mombasa mnalijua, madirisha ya upande wa barabara yakifunguliwa honi zinammeza Mwalimu kwa hivo walio nyuma wanachagua kati ya hewa na kusikia. Kipaza sauti kidogo cha kukodi kingemaliza hilo. Noti ni nzuri kwa yaliyomo, zina tarehe zote na ramani, lakini kurasa za kati za nakala yangu wino ulififia hadi Horthy sikuweza kumsoma, na ngazi hazina taa, wazee wanapanda kwa mwanga wa simu. Nimeyaandika haya kwenye grupu lao pia na walinijibu kwa heshima kwamba feni na taa zitashughulikiwa, kuhusu viti hawakusema kitu.

Mwenye kuogopa kwamba ni mahali pa kutukana dini za watu asiogope. Muislamu hakusikia kejeli, Mkatoliki hakusikia kejeli, na sisi Waprotestanti tulisikia mambo magumu kutoka kwa mtu anayetuheshimu. Wanafunzi wa sekondari wa fomu tatu na nne ningewapeleka kabisa, kuna kijana alikaa na babake na maswali yake yalikuwa makali kuliko yetu watu wazima. Watoto wadogo hapana, Guatemala ni nzito.

Nyota nne kwa tano, ya tano naizuia kwa ajili ya viti na ile kukata watu. Mada ijayo wametangaza Liberia peke yake, chama cha True Whig kilotawala toka 1878 hadi 1980, Tubman Mmethodisti alokaa toka 1944 hadi kufa 1971, na Tolbert mchungaji Mbaptisti aliyekuwa rais wa Wabaptisti wa dunia nzima kabla hajawa rais wa nchi, akauawa Ikulu tarehe 12 Aprili 1980. Nimeshalipa. Ukiamua kuja fika saa kumi na nusu, panda ngazi za upande wa msikiti, na ukae safu ya pili kushoto chini ya ile feni inayozunguka.